Kesha Halitakuondolea Kinyongo

Zimebaki siku 4 tuvuke mwaka, na nina neno ambalo halitapata amina nyingi.

Kuna mahubiri yamekuwa mtindo kila Desemba. Andika machungu yako kwenye karatasi, ulete kesha, tutayachoma saa sita usiku. Piga kelele, kanyaga chini mara 7, umwachie adui mwaka wake. Kisha saa nane tunapanda matatu kurudi nyumbani, na kinyongo kinapanda nasi, tena hakilipi nauli.

Wapendwa, kilichochomeka ni karatasi. Ndugu yako wa Makongeni hujamsalimia tangu ule mzozo wa shamba. Wewe uko Kihunguro, hapo Ruiru. Ni kama kilomita 20, na barabara ni nzuri. Lakini mnangoja kukutana mochari ya General Kago, mmoja akiwa ndani ya sanduku. Nimesimamia mazishi ya namna hiyo. Watu hulia kupita kiasi, na sisi wachungaji tunajua si kifo tu kinacholiliwa.

Soma Mwanzo pole pole. Yusufu alikuwa na miaka 17 alipouzwa, na 30 aliposimama mbele ya Farao. Akapata cheo, mke, na gari la kifalme. Mtoto wa kwanza akamwita Manase, kwamba Mungu amemsahaulisha taabu na nyumba ya baba yake. Leo tungempa maikrofoni atoe ushuhuda! Ikapita miaka 7 ya shibe, njaa ikaja, na ndugu zake wakatokea kununua nafaka. Yule aliyesahau akawasemesha kwa ukali, akawafungia siku 3, akajitenga kando akalia. Alikuwa amevuka mwaka Misri mara 20 hivi, na jeraha lilikuwa pale pale. Mambo yalibadilika Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini. Hapo Yusufu akaondoa watu wote, akalia mpaka Wamisri wakasikia. Walikuwa uso kwa uso, na aliyekosa alikuwa amebadilika.

Na wewe unayesema unalinda amani yako. Umeblok namba ya mama yako kwa sababu siku ya ruracio alimsifu dada yako kuliko wewe. Mpendwa, huko ni kununa. Wengi wetu tulikuzwa nako. Baba anakaa wiki mbili bila kusema na mama, chai anaiagiza kupitia mtoto: "Mwambie mama yako alete chai." Leo mtoto huyo ni mume wa mtu. Anasoma ujumbe wa mkewe WhatsApp, tiki zinageuka buluu, hajibu mpaka Alhamisi. Anaita hiyo hekima.

Sisemi na dada anayepigwa. Wewe toka hapo, nenda polisi, nenda kwa watu wako. Unaweza kusamehe ukiwa mbali na ngumi. Mchungaji anayekurudisha ukapigwe kwa jina la msamaha atajibu mbele za Mungu.

Wazee wetu waliyajua haya. Moto wa Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulipofika Kabete mwaka 1937, waliookoka hawakungoja usiku wa kuvuka mwaka. Walibeba walichoiba wakakirudisha kwa mwenyewe. Walikwenda kwa waliyemkosea wakalitaja kosa lenyewe, si "kama nilikukosea popote." Tunaimba nyimbo zao mpaka leo, lakini safari zao tumeziacha.

Yesu katika Mathayo 5 anataka sadaka iachwe pale madhabahuni, mtu aende kwanza apatane na ndugu yake. Hakusema atume mbegu kwa M-Pesa.

Kwa hiyo nasema wazi: kama kuna mtu wa kumwendea na hujaenda, tarehe 31 usianzie kwetu. Anzia kwake. Akikufungia mlango, sehemu yako umefanya, Warumi 12:18. Najua wenzangu watasema nafukuza watu kesha. Viti vikibaki tupu, na vibaki. Sisi tutakuwa tukiomba mpaka alfajiri. Ukichelewa kwa sababu ulikuwa Makongeni ukinywa chai na ndugu yako, ingia tu, na yeye uje naye.