Kaka, hiyo ndege ya raba ina faida gani?

Hilo swali nimeulizwa mwezi huu wote, kwenye komenti na hata kwenye foleni ya viazi karai hapa Magongo. Manake mtu wa miaka 22, ashaacha chuo, anakesha akiunganisha vijiti vya mbao na karatasi viwe ndege inayoendeshwa na raba, basi lazima akili zimemruka. Komenti moja imeniambia ninunue droni kama wanaume wenzangu. Sawa. Leo wacha niwajibu wote pamoja.

Kwa ambao hawajaona vidio: ni seti inayokuja kwenye boksi. Ndani kuna vibao vyembamba vya balsa, fito za unene wa kijiti cha kiberiti, mchoro wa ukubwa halisi, karatasi laini ya kufunikia, rafadha ya plastiki, yaani ile panga ya mbele, na kitanzi cha raba. Hakuna betri, hakuna rimoti. Unalaza mchoro mezani, unaufunika kwa nailoni ili gundi isishike, kisha unasimamisha mbavu za bawa kwa pini, moja baada ya nyingine, mpaka bawa linatokea. Ukizungusha rafadha kwa kidole, raba inajisokota ndani ya bodi. Ukiachilia, inajisokotoa na ndege inakwenda. Kama uliwahi kutengeneza tiara kwa chelewa na ukabandika karatasi kwa wali, nusu ya kazi unaijua tayari.

Sasa faida.

Mimi ni mtoto wa wadi ya Airport. Mtaa wetu umepewa jina la uwanja wa ndege. Uwanja wenyewe umekuwa hapa tangu Vita vya Pili vya Dunia, na ukawa wa kimataifa 1979. Sisi tunazijua ndege kwa masikio. Ile inayonguruma kwa mapanga ni Dash 8 ya Jambojet, usihangaike kutoka nje. Ile inayotikisa bati ni ya watalii. Lakini angalia vijana niliokua nao ambao wamepata riziki pale: teksi, mizigo, usafi, ulinzi. Ni kazi za heshima na zimesomesha watu, mimi mmoja wao. Ila katika maisha yetu yote hakuna aliyetukalisha chini akatuuliza, nyinyi watoto, kwani kile chuma kinapaaje? Tunaishi kama mtu aliyepanga nyuma ya hoteli. Harufu ya pilau anaipata kila siku, sahani hajawahi kuiona.

Na tumejiambia kizuizi ni pesa. Ni kweli, kusomea urubani kunahesabiwa kwa mamilioni, na kwetu hesabu hiyo ikitajwa tu mazungumzo yanaishia hapo. Lakini urubani ni ghorofa ya juu. Ngazi ina vidato vya chini, na hivyo ndivyo tumevidharau tukaviita vya watoto.

Skiza hii. Tarehe 18 Agosti 1871, kijana Mfaransa wa miaka 21, Alphonse Pénaud, alirusha kidege cha raba kwenye bustani ya Tuileries, Paris. Kilikaa hewani takriban sekunde 11. Kesho yake, huko Dayton, Marekani, akazaliwa mtoto anaitwa Orville Wright. Mwaka 1878 babake alirudi nyumbani na helikopta ndogo ya kuchezea, ya raba, iliyotokana na kazi za Pénaud huyo huyo. Orville alikuwa na miaka 7, kakake Wilbur 11. Waliichezea mpaka ikavunjika, halafu wakaanza kujitengenezea zao. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao yenye injini, Orville akiwa amelala juu yake, ikapaa kwa mara ya kwanza. Sekunde 12. Imezidi kidege cha raba kwa sekunde moja tu! Na kati yao hakuna aliyemaliza na cheti cha sekondari (hapo nimejipigia debe kidogo, mnisamehe).

Kwa hivyo mtu akiniambia hii ni toi, namwambia ndiyo, ni ile ile iliyoanzisha kila kitu kinachopita juu ya paa lako.

Lakini historia si ndo inanikesheza. Kinachonikesheza ni kwamba hiki kitu hakidanganyiki. Kabla hujasokota raba hata mara moja, unaibeba ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu theluthi moja nyuma ya ukingo wa mbele. Ikiinamisha mkia, unabandika plastisini kidogo puani. Halafu unaisukuma polepole juu ya nyasi. Ikiinua pua, ikasita, ikaporomoka, mkia ni mzito. Ikipiga mbizi, pua ni nzito. Ukiipata sawa inateleza kama mwewe aliyeona kifaranga na hana haraka. Hapo ndo unagusa raba, na raba nayo ina tabia zake: ikisokotwa sana inatoa nguvu zote sekunde za mwanzo, halafu inalegea. Ile nguvu ya kwanza inataka kuinua pua na kuipinda ndege kushoto, ndo maana mafundi huielekeza rafadha chini kidogo na kulia kidogo. Usipoielewa hiyo, unaweza kubadilisha raba mara kumi na itaanguka vile vile.

Chuoni nilichora nguvu hizo hizo kwa mishale, mihula mitatu. Mshale wa juu, mshale wa chini, maksi. Karatasi ya mtihani unaweza kuibahatisha. Ndege ya gramu chache huwezi.

Mdogo wangu wa kike yuko Gredi 9. Mwaka huu lazima achague mkondo wa sekondari pevu, na alikuwa ashaamua hatachagua sayansi, kwa sababu sayansi ni ya wale wa shule kubwa kubwa. Hayo ni maneno yake. Jioni moja tulikuwa tunajaribu ndege ikawa inasita sita hewani. Akaiokota, akaipima kwa vidole, akafinya plastisini ya ukubwa wa punje ya mahindi, akabandika puani, akaisukuma tena. Ikaenda sawa mpaka ukutani. Hakusema kitu. Akaenda kuichukua, akaangalia bawa kwa upande na kuniuliza kwa nini juu limepinda na chini halijapinda. Hilo swali limetoka kwake yeye. Bado hajajaza fomu. Simsukumi, ila nimeona amelichukua boksi na mchoro kalihamishia chini ya kitanda chake.

Nirudi kwa droni. Siichukii, nimewahi kuikodisha kwa kazi ya harusi. Lakini droni imeficha akili yake ndani ya chipu. Inajisawazisha yenyewe, wewe unabonyeza tu. Tena sheria za 2020 zinazosimamiwa na KCAA zinataka ruhusa, na sisi tuko ubavuni mwa uwanja wa kimataifa. Hata hii ya raba mimi siirushi nje huku mtaani, na wewe usiende kuirusha karibu na ua la uwanja ati kwa sababu ni ya karatasi. Anayetaka upepo avuke Likoni, Shelly Beach alfajiri maji yakiwa yamekupwa na kusi haijaanza kuvuma.

Kuna hoja moja naiheshimu: balsa si yetu, na nauli ya kuiagiza inauma kuliko seti yenyewe. Kweli. Balsa nyingi inatoka Ekwado, japo kwa ukoo ni ndugu wa mbuyu na msufi tunaowajua sisi. Nimejaribu chelewa. Kwa mkia inafaa, kwa mbavu za bawa ni nzito. Kwa hivyo ushauri wangu ni watu watano wachange wanunue seti moja, na kabla ya kukata chochote wanakili kila kipande kwenye karatasi ya manila. Seti ya kwanza ni ya kujifunza. Ya pili mtajikatia wenyewe, kwa mbao yoyote nyepesi mtakayoipata. Na wakati wa mvua msishangae karatasi ikilegea, hewa ya Mombasa ina maji, ikikauka inajivuta tena.

Shida yetu kubwa kwa maoni yangu si balsa. Ni ukumbi. Ndege hizi zinapenda ndani, pasipo upepo. Ulaya na Marekani watu hushindana ndani ya kumbi na videge vya raba vya gramu moja na kitu, na vinakaa hewani zaidi ya dakika 20, vikizunguka taratibu chini ya dari. Hapa kwetu kumbi zipo. Za shule, za makanisa, za mikutano. Zinafunguliwa kwa harusi, kwa wanasiasa, kwa semina yenye soda na keki, halafu kufuli. Mtoto akitaka kuingia Jumamosi na ndege ya karatasi anaulizwa barua ya nani.

Nimezunguka kumbi nne. Tatu zimekataa, na moja nusura niambiwe nilete polisi wa kunidhamini. Ya nne mzee mwenye funguo alinisikiliza, akaichukua ndege, akaisokota mwenyewe, ikapiga feni ya dari. Akacheka mpaka akakaa chini. Ametupa Jumamosi mbili za mwezi ujao, saa moja asubuhi mpaka saa nne, kabla ya wapangaji wa viti kuingia. Feni zitazimwa. Seti zipo tatu, gundi ipo. Wembe uje na wako, na uwe mpya, manake ulionyolea ndevu unararua balsa.