Picha ya bordereau si pesa: mnada wa simu katika mji uliofungiwa benki



Mwezi wa saba 2025, kwenye sikukuu ya mavuno, kanisa letu la mahali hapa Bukavu lilifanya mnada wake kama kila mwaka. Mnaujua mnada huo: mama analeta debe la maharagwe, mwingine jogoo, mzee anasimama mbele na kuuliza nani anaongeza, na watoto wanacheka. Safari hii tulifungua pia kundi la WhatsApp, kwa sababu nusu ya watu wetu wametawanyika: Bujumbura, Kampala, na ng'ambo. Vitu viwili vilichukuliwa na watu ambao hawakuwapo uwanjani. Cha kwanza ni cherehani, sadaka ya mama mjane wa Kadutu. Cha pili ni mbuzi majike wawili.

Wanunuzi wote wawili walisema watalipa kwa virement, kutoka akaunti yao hadi akaunti ya kanisa. Kesho yake kila mmoja alituma picha ya bordereau, yenye muhuri na tarehe. Jioni ileile kijana wa pikipiki alikuja kuchukua cherehani, nasi tukampa. Mbuzi walibaki kwa shemasi mmoja, kwa kuwa mnunuzi wao hakuwa na mtu wa kumtuma.

Moja ya picha zile ilikuwa ya kweli, nyingine ya uongo. Kwa miezi minne hatukuwa na njia ya kujua ni ipi.

Wasomaji wetu wa Goma na Bukavu hawahitaji kuelezwa sababu, lakini wa mbali waijue. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025. Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Benki zilifunga milango, na Benki Kuu ya Kongo haikupeleka tena noti huku. Goma walifunguliwa CADECO mwezi wa nne chini ya utawala mpya, lakini benki za biashara, zile ambamo mishahara na pesa za makanisa zilikuwa zimelala, zilibaki zimefungwa. Aliyekuwa na dola elfu katika akaunti alikuwa nazo kwa jina tu. Wengine walivuka Ruzizi kwenda Kamembe kutafuta noti. Waliobaki wakaegemea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na wenye kabini, ambao nao walikuwa hawana noti za kutosha, wakapandisha makato yao.

Katika hali hiyo watu bado wanauza na kununua, tena kwa simu kuliko zamani. Friji, pagne, kiwanja, pikipiki: picha inawekwa kwenye kundi, watu wanapandisha bei, wa mwisho anachukua. Hatuwalaumu. Mtu aliyefungiwa mshahara wake anauza friji ili watoto wale.

Swali tunaloulizwa na waumini ni hili: virement ni salama? Jibu letu ni kwamba inategemea umekaa upande gani wa biashara, na kama unaweza kuiona pesa kwa macho yako mwenyewe.

Kwa muuzaji, pesa iliyokwisha kuingia katika akaunti yake ni malipo mazuri kuliko mengi. Haichaniki, wala haikataliwi kwa sababu ya alama ndogo ya kalamu, kama dola zetu zinavyokataliwa sokoni Nyawera. Tena si rahisi mnunuzi kuirudisha kwake akishaituma. Jambo hilohilo ndilo hatari ya mnunuzi: ukituma kabla ya kupokea kitu, na muuzaji akazima simu, benki yako haina uwezo mkubwa wa kukurudishia.

Lakini bordereau siyo kuingia kwa pesa. Karatasi hiyo inasema tu kwamba mtu ametoa agizo. Agizo likitoka ng'ambo linasafiri kama ujumbe, mara nyingi kwa mtandao wa SWIFT, na SWIFT yenyewe haibebi pesa, inabeba habari. Dola kwa kawaida hupitia benki ya tatu, mara nyingi ya Marekani, kabla ya kufika Kinshasa. Agizo linaweza kuchelewa siku kadhaa, kuzuiliwa kwa sababu jina limekosewa herufi moja, au kufutwa na aliyelitoa kabla halijatekelezwa. Na hayo ni ya karatasi halali. Karatasi ya uongo inatengenezwa kwa simu na kijana yeyote mwenye nusu saa. Siku za amani tungekwenda guichet na kuuliza. Guichet ikiwa imefungwa, mwizi naye anajua imefungwa. Ndiyo sababu yeye mwenyewe anapendekeza virement!

Tunakumbuka Yeremia 32. Nabii ananunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu imezingirwa na yeye mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi. Katika mahubiri huwa tunakazia tumaini lake, na tunafanya vizuri. Tunapita haraka juu ya namna alivyolipa. Alipima shekeli 17 za fedha katika mizani. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Kulikuwa na nakala mbili, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi, na Baruku akaagizwa kuziweka katika chombo cha udongo ili zidumu. Muuzaji alikuwa binamu yake, na neno la Bwana lilikuwa limemwambia kwamba atakuja. Hata hivyo mizani ililetwa, na hatusomi kwamba binamu alikasirika.

Sisi hatukuleta mizani. Tuseme kwa nini, maana hapa ndipo aibu yetu ilipo. Mnunuzi wa cherehani alitusalimu vizuri sana. Kila ujumbe wake ulianza na Bwana asifiwe, na picha yake ilikuwa safi, muhuri unasomeka. Ndugu wa mbuzi anaandika maneno matatu kwa wiki, na picha yake ilikuwa imepinda, nusu giza. Tulimwamini wa kwanza. Juu ya wa pili, baada ya wiki sita bila pesa kuonekana, mzee mmoja alisema kwenye kundi, mbele ya wote, kwamba kuna watu wanaodanganya hata nyumba ya Mungu. Hatukumkemea. Ndugu yule akatoka kwenye kundi.

Wengi wanadhani njia ya simu inamaliza tatizo. Inalipunguza, kwa sababu salio lako unaweza kuliangalia mwenyewe usiku wa manane. Lakini liangalie kweli. Ujumbe wa maandishi unaosema umepokea dola 80 unaweza kuwa umeandikwa na mtu na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Usisome ujumbe, fungua akaunti yako, na uangalie zote mbili, ya franka na ya dola. Na anayepiga simu akilia kwamba amekutumia kwa makosa, umrudishie haraka, mwambie apeleke shida yake kwa kampuni ya simu. Mara nyingi hakuna alichotuma.

Kwa minada mikubwa ya Ulaya na Marekani kuna mtu wa katikati. eBay, iliyoanza 1995, ilifikia kuinunua PayPal mwaka 2002, kwa kuwa watu wasiojuana walihitaji njia ya kulipana inayosimamiwa na mwingine. Katika makundi yetu ya Bukavu mtu huyo hayupo, na hapo ndipo mchungaji anaombwa: Baba Mchungaji, pesa ipite kwenye namba yako, wewe tunakuamini. Tunawasihi wachungaji wenzetu wakatae. Siku pesa isipofika, utakuwa umeweka huduma yako rehani kwa friji ya mtu mwingine. Kamati ya watu watatu ishike kitu, siyo pesa. Kitu kikae mpaka muuzaji aseme mwenyewe: nimeiona, nimeitoa, iko mkononi. Na bei ikubaliwe pamoja na makato ya kutoa, ili mama asiuze kwa dola 50 akapokea 45 na kunung'unika.

Mwezi wa kumi na moja mtunza hazina wetu alisafiri kwenda Kinshasa, akipitia Kigali, kwa shughuli nyingine. Alikwenda makao makuu ya benki na kuomba relevé ya akaunti ya kanisa. Kulikuwa na ingizo moja tu la mwezi ule wa saba: pesa ya mbuzi, yote, siku ya nne baada ya mnada. Ya cherehani haikuwapo, wala jina la mnunuzi wake.

Baraza lilikubali kumtafutia yule mama cherehani nyingine. Tumefika nusu ya bei. Yeye anasema hatudai, kwa sababu alikwisha kumtolea Bwana. Tumemwambia tutamaliza hata hivyo.

Kwa ndugu yule tuliandika barua ya kuomba radhi, na mzee aliyesema kwenye kundi alitia sahihi ya kwanza. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, fupi kama kawaida yake. Aliuliza kama wale mbuzi wamezaa. Mmoja alikuwa amezaa.