Usiache mbachao: Funzo la mabasi ya Malta

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Wasia huo hunijia kila nifikiriapo habari za mabasi makuukuu ya Valletta, mji mkuu wa Malta, kisiwa kilichomo katika Bahari ya Mediterania. Mji wenyewe ni mdogo mno: eneo lake halifiki kilomita moja mraba na wakazi wake hawafiki 10,000. Hata hivyo, kwa miongo mingi, nje ya lango la mji huo palipangwa mabasi ambayo wageni walitoka pembe zote za dunia kuja kuyatazama. Leo hayamchukui tena mfanyakazi asubuhi wala mwanafunzi jioni. Nashikilia kwamba kisa chake chatuhusu sisi Wakenya, hasa walimu na wanafunzi, kuliko tunavyodhani.

Malta ilikuwa na reli tangu 1883 hadi 1931, na tramu za umeme zilizokoma 1929. Mabasi ya kwanza ya injini yalifika 1905, na hatimaye mabasi ndiyo yaliyovirithi vyombo hivyo viwili. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mafundi wa kisiwani waliyachukua malori yaliyokuwa ya jeshi, wakayavua mabati yake, wakaunda juu ya fremu bodi za abiria kwa mikono yao wenyewe. Wengine walitumia fremu na injini za Bedford, Leyland na AEC kutoka Uingereza. Injini ikichoka, ilitolewa ikatiwa nyingine. Bodi ikila kutu, ilishonwa upya. Ndiyo sababu basi moja liliweza kuhudumu kwa zaidi ya miaka 40.

La kuzingatia zaidi ni kwamba mabasi hayo, yapatayo 500, hayakuwa ya kampuni moja kubwa. Mengi yalikuwa mali ya madereva wenyewe na jamaa zao. Mwenye basi alilisugua likameta, akaliandika majina kwa herufi za madoido ambazo Wamalta huziita tberfil, na karibu na kiti chake akatundika picha za watakatifu. Hadi miaka ya 1970 kila njia ilikuwa na rangi yake, hivi kwamba hata asiyejua kusoma aliweza kulitambua basi lake kwa mbali. Baadaye yote yakapakwa kijani, na mwaka 1995 yakageuzwa kuwa manjano.

Je, msomaji, haya si mambo unayoyajua? Ukiondoa watakatifu ukaweka wanamuziki na wanakandanda, utakuwa umeielezea matatu ya Nairobi. Mwenye gari ni raia wa kawaida. Bodi imeundwa na fundi wa hapa hapa. Na mchoraji ametia ubavuni sanaa isiyopatikana katika jumba lolote la maonyesho.

Walimu wa Kiswahili nao wana lao la kuokota hapa. Kimalta kilitokana na Kiarabu, na kwa hiyo kina udugu wa msamiati na lugha yetu: bahari kwao ni baħar, kitabu ni ktieb, na ukiwasikia wakihesabu utazitambua sita, saba na tisa. Basi wao huliita xarabank, hutamkwa sharabank, neno lenye asili ya Kifaransa lililokuwa na maana ya gari lenye mabenchi. Nasi jina matatu latukumbusha nauli ya zamani ya sarafu tatu za senti kumi. Mabenchi yamekwisha na sarafu zimekwisha, ila maneno yangali yanatunza habari zake.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba mabasi ya kale yalikuwa hayana ila. Yalitoa moshi mzito, ngazi zake ziliwashinda wazee na walemavu, na abiria walilalamikia lugha ya baadhi ya madereva. Malta ilijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na haja ya kusafisha hewa na kuboresha huduma ikazidi. Mageuzi yalistahili. Swali ni namna yalivyofanywa.

Tarehe 3 Julai 2011 huduma nzima ilikabidhiwa kampuni ya Arriva kutoka Uingereza, na mabasi ya kale yakaondolewa kwa mkupuo mmoja. Kilichofuata ni kioja. Siku ya kwanza madereva wengi hawakufika kazini. Miongoni mwa magari mapya yalikuwamo mabasi marefu yenye kiungo katikati, yaliyokuwa yamehudumu London, nayo yakaletwa katika kisiwa chenye barabara finyu na kona kali. Agosti 2013, baada ya kadhaa kushika moto, yakaondolewa barabarani. Mwanzoni mwa 2014 Arriva ilikuwa imekwisha kuondoka na serikali kuichukua huduma, na mwaka uliofuata ikaja kampuni ya Kihispania. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili: tangu Oktoba 2022 mkazi wa Malta mwenye kadi iliyosajiliwa kwa jina lake husafiri bila kulipa nauli, na hilo ni jambo jema lisilo kifani. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba ya kale yote yabaki. Hoja yangu ni kwamba jamii yaweza kuondoa moshi bila kuutupa ufundi, na kununua gari jipya bila kulisahau la zamani. Baadhi ya mabasi ya Malta yalihifadhiwa, na machache hukodiwa kwa harusi na kwa watalii. Lakini basi la kukodiwa harusini halimfunzi kijana namna ya kuishona bodi.

Turejee kwetu. Mombasa, mji wetu wa kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa na vigari vya abiria vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba. Ni wanafunzi wangapi wa Mombasa wanaolijua hilo? Mabasi ya KBS yalianza Nairobi mwaka 1934. Ni shule ngapi zina hata tiketi moja yake? Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilileta mstari wa manjano na kuifuta michoro ya matatu. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akairuhusu tena. Tangu 2022 mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria jijini. Mabadiliko hayabishi hodi.

Reli imekuwa na makumbusho yake Nairobi tangu 1971. Mtoto akilitazama pale behewa ambamo Charles Ryall alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900, hahitaji kukaririshwa historia hiyo, itamkaa moyoni. Barabara nayo yastahili heshima hiyo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti usafiri wa umma wa barabarani na pia makumbusho. Mambo hayo mawili yamo mikononi mwa mtu mmoja, gavana. Gharama ni banda moja, gari moja na fundi mmoja wa kulitunza.

Walimu nao wasingoje gavana. Mwalimu wa Historia awatume wanafunzi kwa dereva mstaafu wa kijijini, wamhoji na kuyaandika maneno yake. Wa Kiswahili awaagize wakusanye msamiati wa utingo na wapiga debe. Wa Sanaa awapeleke kwa mchoraji wa matatu akiwa bado ana kazi. Kazi hizo hazidai fedha nyingi. Zadai daftari na subira. Atakayengoja mpaka gari la mwisho lipimwe kwenye mizani ya vyuma chakavu ndipo aanze kuitafuta picha yake, atakuwa amechelewa.