Karthago Ilikwishalipa Deni Lake

Vitabu vya historia huhesabu vita vitatu kati ya Roma na Karthago: vya kwanza kuanzia mwaka 264 hadi 241 KK, vya pili kuanzia 218 hadi 201, na vya tatu kuanzia 149 hadi 146. Hesabu hiyo ina kosa. Viwili vya mwanzo vilikuwa vita kweli, dola mbili zenye nguvu zikigombea bahari na nchi, kila moja na jeshi lake na tamaa yake. Vya tatu yalikuwa maangamizi ya mji uliokwisha kukabidhi silaha zake, na safu hii haitayaita vita.

Karthago ilikuwa kando ya bahari, karibu na ulipo leo mji wa Tunis. Ilianzishwa na Wafinisia waliotoka Tiro, katika Lebanoni ya leo, ikakua kuwa mji wa wafanyabiashara na mabaharia wenye vituo Sicilia, Sardinia na Hispania. Warumi walikuwa wakulima na askari wa nchi kavu. Ugomvi ulianzia Messana, mji wa Sicilia unaotazamana na Italia, ambako kundi la mamluki lililouteka mji huo liliomba msaada kwa pande zote mbili. Pande zote mbili zikaja.

Ili kuipiga Karthago ilibidi Roma ijifunze bahari. Mwanahistoria Polybius anasimulia kwamba Warumi waliteka merikebu moja ya adui iliyokwama ufukweni, wakaiiga, wakaunda merikebu 120, na wakati zikiundwa wapiga makasia walikuwa wakifunzwa wamekaa kwenye mabenchi nchi kavu. Wakazifungia daraja lenye mwiba wa chuma lililoangushwa juu ya merikebu ya adui, askari wavuke na kupigana kama wako nchi kavu. Ujasiri huo usifiwe, maana bahari haikuwahurumia: mwaka 255 KK dhoruba ya Sicilia ilikuta merikebu 364, zikasalimika 80. Waliunda nyingine, zikapotea, wakaunda tena. Mwaka 241 walishinda kwenye visiwa vya Aegates, na Karthago ikatakiwa kuiachia Sicilia na kulipa talanta 3,200 za fedha kwa miaka 10.

Hadi hapo ni kushinda na kushindwa. Dhuluma ilifuata. Mamluki wa Karthago, ambao hawakuwa wamelipwa mishahara yao, waliasi, na dola ilipokuwa ikipigania uhai wake nyumbani, Roma iliichukua Sardinia na kuongeza talanta 1,200 juu ya deni. Polybius alikuwa rafiki wa wakubwa wa Roma, lakini hata yeye aliandika kwamba hakuona sababu ya haki ya unyakuzi huo. Kisasi cha Hannibal, jemadari wa Karthago, kilipata chakula chake hapo, wala hakikuhitaji kingine.

Vita vya pili vinajulikana kwa kila mpenzi wa historia. Hannibal aliondoka Hispania na jeshi na ndovu wake, akavuka milima ya Alpi mwaka 218, na kufika Italia akiwa na askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 6,000 tu. Kwa jeshi hilo, na Wagalia waliojiunga naye njiani, aliwazingira na kuwaua Warumi wapatao 50,000 kwa siku moja huko Cannae, mwaka 216. Lakini washirika wengi wa Roma hawakuiacha, na jemadari wa Roma, Scipio, alivivusha vita hadi Afrika. Huko Zama, mwaka 202, wapanda farasi wa Mfalme Masinissa wa Numidia, jirani wa Karthago aliyejiunga na Roma, ndio waliolirudia jeshi la Hannibal kutoka nyuma na kulimaliza.

Masharti ya amani ya mwaka 201 yasomwe polepole. Karthago ibaki na merikebu za kivita 10. Isipigane na yeyote bila ruhusa ya Roma. Ilipe talanta 10,000, na ilipe kwa miaka 50. Warumi walidhani wameufunga mji huo kamba ya nusu karne. Karthago ikalima, ikauza nafaka, ikarekebisha hazina yake chini ya uongozi wa Hannibal mwenyewe, na mwaka 191, miaka 10 tu baadaye, ikatangaza kuwa iko tayari kulipa deni lote lililobaki kwa mkupuo mmoja. Roma ilikataa. Mdai anayekataa kulipwa hatafuti fedha. Anamtaka mdaiwa abaki mdaiwa.

Wakati huohuo Masinissa alikuwa akimega ardhi ya Karthago mwaka hadi mwaka. Karthago haikuruhusiwa kujitetea, ikapeleka malalamiko Roma, na wasuluhishi wa Roma ama walimpa Masinissa haki au waliliacha shauri bila kuamua. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Karthago ilimpisha hadi ikaegemea ukuta.

Miongoni mwa wajumbe waliotumwa kutazama hali hiyo alikuwamo mzee Cato, seneta wa Roma. Alitarajia kuona mji uliofilisika, akaona masoko yamejaa na watu wamenawiri. Inasimuliwa kwamba aliporudi alionyesha katika Seneti ya Roma tini zilizotoka huko, akawaambia wenzake kuwa nchi izaayo matunda hayo iko mwendo wa siku tatu baharini. Tangu hapo kila hotuba yake, iwe juu ya jambo gani, ilimalizika kwa kudai Karthago iangamizwe. Kosa la mji huo lilikuwa kustawi.

Mwaka 151 deni la miaka 50 lilimalizika. Karthago ilipochukua silaha dhidi ya Masinissa, na kushindwa, Roma ilipata kisingizio ilichokingojea.

Mwaka 149 makonsuli wawili wa Roma walivuka bahari na jeshi kubwa. Karthago ilikuwa imekwishajisalimisha. Walitaka watoto 300 wa familia za wakubwa wawe rehani, wakapewa. Walitaka silaha zote. Zikaletwa kwa misururu ya magari, mavazi ya vita ya watu 200,000 na mitambo 2,000 ya kurushia mawe na mishale. Mji ulipobaki mikono mitupu ndipo sharti la mwisho lilipotajwa: wakazi wote wahame, mji ubomolewe, wakajenge kwingine umbali wa kilomita 15 hivi kutoka baharini. Kumwambia baharia aishi mbali na maji ni kumwambia afe. Kama Roma ingelitaja sharti hilo kwanza, lingejibiwa kwa silaha zilezile. Ililificha kwa makusudi, na hicho ndicho kiini cha uovu wenyewe.

Wakarthago walifunga malango. Mahekalu yakageuzwa karakana, wanaume na wanawake wakifua kwa zamu usiku na mchana, ngao 100 na panga 300 kwa siku. Wanawake walikata nywele zao zisokotwe kamba za mitambo. Warumi walipoziba mlango wa bandari, watu walichimba mlango mwingine na kutoka na merikebu 50 zilizoundwa kwa mbao kuukuu. Mji usio na silaha ulidumu miaka mitatu.

Ulianguka mwaka 146. Kwa siku sita Warumi walisonga mtaa kwa mtaa kuelekea kilima cha Byrsa, wakichoma nyumba zikiwa na watu ndani. Watu 50,000 walioshuka kilimani kujisalimisha waliuzwa utumwani. Jemadari Scipio Aemilianus (si Scipio yule wa Zama) alilia alipoutazama moto, na Polybius alikuwa kando yake akashuhudia. Machozi hayo husifiwa sana vitabuni. Hayakumwokoa mtu hata mmoja.

Hadithi kwamba Warumi walimwaga chumvi shambani haina shahidi. Hakuna mwandishi wa zama za kale aliyeitaja, na maangamizi haya hayahitaji kutiwa chumvi. Yaliyothibitika yanatosha. Maktaba za Karthago ziligawiwa wafalme wa jirani, isipokuwa vitabu 28 vya Mago kuhusu kilimo, ambavyo Seneti iliagiza vitafsiriwe kwa Kilatini kwa kuwa vilikuwa na faida. Masimulizi ya Wakarthago wenyewe hayakusalia, na masimulizi yaliyobaki kuhusu vita hivyo yameandikwa na Warumi na Wagiriki. Nchi iliyobaki ikafanywa mkoa wa Roma, ukapewa jina la Africa, na jina la mkoa huo ndilo lililokuja kuenea bara zima.