Watteau Hakuwa Mpambe wa Matajiri

Mwandishi wa makala iliyopita anadai kwamba michoro ya chaki ya mchoraji Mfaransa Antoine Watteau ni upambe mtupu: mabibi wa Paris na hariri zao, mabwana na magitaa yao, jasho hakuna. Ameitazama nguo, hakumtazama aliyeivaa.

Comte de Caylus, aliyemfahamu vizuri msanii huyu, alieleza kwamba Watteau alikuwa na akiba ya mavazi ya kifahari na ya maigizo, akimvisha yeyote aliyekubali kutulia achorwe. Basi huyo "bibi mkubwa" anayemkera mwenzetu huenda hakuwa bibi mkubwa hata kidogo. Ni igizo, na mchoraji, mwana wa mwezekaji mapaa wa Valenciennes, alilijua hilo kuliko sisi.

Tena chaki zake, nyekundu, nyeusi na nyeupe, hazikubagua. Zilichora pia maskini kutoka Savoia, eneo la milima ya Alps, waliohangaika mitaani wakitafuta riziki, na kijana Mweusi ambaye kichwa chake kimerudiwa mara tatu kwenye karatasi moja iliyoko Louvre. (Au karatasi hiyo haihesabiki?)

Alikufa mwaka 1721, akiwa na miaka 36. Starehe aliichora, kuila hakuila sana. Shtaka la upambe halina ushahidi.