Kubadili Kitasa cha Gari Nyumbani Sio Kufulia, Kufulia ni Kufunga Mlango kwa Kamba

Bongo kuna vituko jamani. Dada mmoja mwigizaji, jina linahifadhiwa, katupia video akiwa uani kwake, khanga kiunoni, bisibisi mkononi, anabadili kitasa cha mlango wa nyuma wa kigari chake cha Kijapani. Basi ikawa sherehe. "Amefulia huyo." "Mabwana wamekimbia." "Hata hela ya fundi hana?" Watu wazima, wenye watoto wao, wanacheka mpaka jino la mwisho.

Haya, swali dogo tu: aliyefulia hapo ni nani?

Kinara wa kucheka ni msanii mmoja anayejulikana sana kwa mbwembwe za magari. Ndinga yake ina vioo vyeusi, rimu zinang'aa, na muziki unafika kabla gari halijafika. Ila wanaopanda wanaijua siri. Mlango wa nyuma wa kushoto haushiki, umefungwa kwa kamba kutoka kwenye mkono wa mlango mpaka kwenye kiti cha mbele. Na hapo nyuma ndipo anapokaa mwanawe akipelekwa shule. Hela ya rimu ipo, hela ya kitasa haipo. Huo ndio ustaa?

Kitasa cha mlango sio urembo. Ukingoni mwa mlango kuna ulimi wa chuma unaokamata kipande cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi. Ulimi huo unashika kwa hatua mbili, nusu kwanza, halafu kamili. Mlango ulioshika nusu unaonekana kama umefungwa, lakini gari likigongwa au likila kona kali unaweza kufunguka, na aliyeegemea huko anatoka nao. Kikikwama nacho ni balaa jingine: gari likishika moto, aliye ndani anatokea wapi? Watengenezaji wenyewe hawalichukulii poa jambo hili. Mwaka 2016 kampuni ya Ford iliita magari zaidi ya 800,000 kwa sababu ya vitasa vya milango tu. Laki nane! Halafu mtu wa Sinza anasema kamba inatosha.

Na kazi yenyewe wala sio ya maajabu. Dada alipandisha kioo mpaka juu, akachomoa waya wa hasi wa betri, akatoa skrubu za kava ya ndani ya mlango na kuzing'oa klipu zake taratibu. Akabandua nailoni ya kuzuia maji, akachomoa soketi ya umeme na fito zinazounganisha kitasa na mikono ya mlango. Zikabaki skrubu tatu za ukingoni, kitasa kikatoka. Kipya kikaingia kwa njia ile ile, na grisi kidogo. Mkononi alivaa glavu, maana bati la ndani ya mlango linakata kama wembe.

Tena alifanya kitu ambacho mafundi wengi wa gereji bubu hawakifanyi. Kabla ya kufunga mlango aliusukuma ulimi kwa bisibisi mpaka ukashika, akavuta mkono wa mlango kuona kama unaachia. Alijaribu wa nje, akajaribu na wa ndani. Ukikurupuka kufunga mlango kabla ya kujaribu, na fito moja imekaa vibaya, mlango unajifunga jumla na kilio kinaanza upya. Mwisho akakagua kile kiswichi cha usalama wa watoto kilicho pembeni ya kitasa cha nyuma. Huyo ndiye anayechekwa!

Wapo wanaojitetea: "Kila mtu akijitengenezea, mafundi wale wapi?" Mafundi wana giaboksi, wana injini, wana nyaya. Hata milango yenye vihisi vya mifuko ya hewa ni yao, isichezewe uani. Hakuna fundi atakayelala njaa kwa sababu ya skrubu tatu. Na ile ya "mwanamke gani anashika bisibisi" ni ushamba tu. Kitasa hakijui kama aliyekifunga kavaa dera au ovaroli.

Kama uani hakukufai, mpelekee fundi, hakuna aibu. Aibu ni kujua mlango haushiki, kumkalisha mtoto pembeni yake, halafu kushika simu kumcheka aliyetengeneza wa kwake.

Kaka msanii, Ilala vitasa vya mtumba vimejaa, na ujumbe umeshafika. Kata hiyo kamba kabla mwanao hajapanda kesho asubuhi.

Wadau, nani kafulia hapo? Tiririkeni kwenye komenti. Na kabla ya kutiririka, nendeni kwanza mkavute milango yenu.