Taa ya manyatta Kajiado yafumbua fumbo la Mrima

KILA jua linapotua, mji wa Kitengela hung'aa kwa taa za umeme kandokando ya barabara ya Namanga. Ndani zaidi ya Kaunti ya Kajiado, manyatta ambazo nyaya za umeme hazijazifikia hutegemea taa ndogo za sola zilizochukua nafasi ya koroboi.

Ni wachache wanaofahamu kwamba weupe wa mwanga huo hutokana na madini. Chipu iliyo ndani ya taa hutoa mwanga wa buluu pekee. Juu yake hupakwa unga wa manjano, ambao kwa kawaida ni fuwele za itriamu na alumini zilizotiwa chembe chache za seriamu. Seriamu hufyonza sehemu ya mwanga wa buluu na kuurudisha ukiwa wa manjano. Rangi hizo mbili zikichanganyika, jicho huona nyeupe.

Seriamu ni miongoni mwa madini adimu, ambayo Kenya inayo katika Mlima Mrima, Kaunti ya Kwale. Mnamo 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec huko, na mwaka wa 2018 jopo la kimataifa la usuluhishi likatupilia mbali madai ya kampuni hiyo.

Hata hivyo, mjadala kuhusu nani achimbe umefunika swali zito zaidi. Licha ya jina lake, seriamu hupatikana ardhini kwa kiasi kinachokaribiana na cha shaba, na taa moja huhitaji chembe tu. Thamani imo katika kutenganisha madini, kuyasafisha na kuunda fuwele, kazi inayofanywa zaidi nchini Uchina. Taifa litakalouza udongo litaendelea kununua taa.

Kwa mfugaji, suala ni la karibu zaidi. Mradi wa KOSAP, uliopata mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia mwaka wa 2017, ulilenga kaunti 14 za pembezoni. Narok imo, jirani yake Kajiado haimo. Mfugaji hujinunulia taa mwenyewe, na betri mbovu huizima mapema huku fuwele zingali nzima.

Kabla ya ndoto za Mrima kutimia, ukaguzi wa ubora madukani na mafundi wa kubadilisha betri ndivyo vitakavyoamua iwapo mtoto wa manyatta atasoma usiku au atarudia koroboi.